Ihoji Hasira, Isikilize Huzuni

Mkulima wa Matiliku, huku Nzaui katika kaunti ya Makueni, anaishi kwa kutegemea vitu asivyoviamuru. Mvua ya vuli, ambayo Ukambani ndiyo tegemeo la mavuno kuliko ile ya Machi, huenda ikaja Oktoba, ikachelewa hadi Novemba, au ikanyesha siku chache na kukatika mahindi yakiwa magotini. Bei ya maembe anaitaja dalali aliyekuja na lori. Karo inamngoja Januari. Kijana wake yuko Nairobi na simu haishiki. Katika maisha ya namna hii ni vigumu mtu kumaliza mwezi bila kupambana na hofu, hasira, huzuni au aibu.

Ushauri anaopewa ni wa aina mbili. Wa kwanza humwambia: jikaze, mwanaume halii, vumilia, yataisha. Wa pili, ambao vijana wanausikia sana siku hizi, humwambia: fuata moyo wako, fanya unavyojisikia. Ushauri wa kwanza unamziba mtu mdomo, wa pili unakabidhi usukani kwa jambo lililompanda kichwani dakika tano zilizopita. Aina zote mbili zimeruka swali lenyewe: hisia hii inasema nini, na je, inachosema ni kweli?

Wazee wa nzama, yaani baraza la wazee la Wakamba, wanapokaa kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba, hawamfukuzi shahidi kwa sababu amepaza sauti au ametokwa na machozi. Wala hawamwachii atoe hukumu kwa kuwa ana uchungu mwingi. Wanamkalisha, wanamwacha aseme, wanamuuliza alikuwa wapi na aliona nini, wanalinganisha maneno yake na ya wengine, kisha wao ndio wanaoamua. Hisia zetu zinastahili kutendewa hivyo hivyo. Hisia ni shahidi: ina habari ambayo huwezi kuipata kwingine, lakini haifai kuwa hakimu. Mbinu zinazofuata ni za kumhoji shahidi huyo kwa haki.

Kwanza, jua hisia inashuhudia nini

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kitabu kuhusu balagha, na humo akazichambua hisia moja moja. Hasira, alisema, ni hamu ya kulipiza inayokwenda pamoja na maumivu, na chanzo chake ni kuona kwamba wewe au watu wako mmedharauliwa pasipo haki. Tazama maelezo hayo yanabeba nini: ndani ya hasira mna dai. Mtu mwenye hasira anadai kwamba kuna aliyemkosea, kwamba kosa hilo ni dharau, na kwamba hakulistahili. Dai linaweza kuwa kweli au uongo, na kwa hiyo linaweza kuchunguzwa.

Hofu nayo inadai kwamba kitu ninachokipenda kimo hatarini. Huzuni inadai kwamba kitu hicho kimeondoka. Aibu inadai kwamba nimeonekana pungufu machoni pa watu. Mwanafalsafa wa Marekani, Martha Nussbaum, aliiendeleza fikra hii mwaka 2001 katika kitabu chake Upheavals of Thought: hisia, kwake, ni namna ya kutambua kwamba mambo tusiyoyamudu yana uzito mkubwa katika maisha yetu. Asiyethamini chochote hana cha kumkasirisha wala cha kumliza. Kwa hiyo usione aibu kwa kuwa una hisia kali. Zinaonyesha kwamba kuna watu na vitu unavyovijali.

Mwili nao una sehemu yake. Mwaka 1884 William James alidai kwamba hatulii kwa sababu tuna huzuni, bali tuna huzuni kwa sababu tunalia: moyo unapokwenda mbio na misuli inapokaza, kuyahisi mabadiliko hayo ndiko hisia yenyewe. Wengi walimpinga, na ni kweli kwamba mapigo ya moyo peke yake hayatuelezi kama mtu ana hofu au hasira. Hata hivyo alituachia jambo la kutumia: mwili ukichafuka, dai linasikika kubwa kuliko lilivyo. Ndiyo maana hatua ya kwanza inaanzia mwilini.

Tuchukue kisa kimoja ambacho kinaweza kutokea katika utui wowote, yaani kijiji chochote, tukifuate hatua kwa hatua. Umetoka sokoni Matiliku jioni. Unafika shambani na kukuta mbuzi wa jirani wamezila ndengu zilizobakiza wiki mbili kuvunwa. Ni mara ya pili msimu huu. Panga liko mkononi, na mtoto anayewachunga mbuzi hao yuko ng'ambo ya kijito.

Hatua ya 1: Tuliza mwili kabla ya kusema neno

Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeandika kitabu kizima kuhusu hasira, alitofautisha mshtuko wa kwanza na hasira kamili. Mshtuko unakujia bila ruhusa yako: damu inapanda, mikono inatetemeka. Hilo si kosa. Hasira inakuwa yako pale akili inapokubali na kusema, ndiyo, nimeonewa na nitalipiza. Kati ya mshtuko na kukubali kuna nafasi ndogo, na dawa kubwa aliyoipendekeza Seneca ni kuirefusha nafasi hiyo kwa kuchelewa.

Watu wa pwani wanaijua mbinu hii kwa njia ya dini. Mafundisho ya Kiislamu yanamwelekeza mwenye hasira aketi ikiwa amesimama, ajilaze ikiwa kuketi hakujasaidia, na atie udhu kwa maji. Kila agizo linaanza na kiungo cha mwili, kwa sababu mtu aliyeketi yuko mbali zaidi na kurusha ngumi kuliko aliyesimama.

Basi fanya hivi. Weka panga chini. Geuka, usiangalie ndengu kwa muda. Vuta pumzi na uitoe polepole kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Kunywa maji. Kama umeshinda na njaa, kula kwanza. Ukiweza, lala usiku mmoja kabla ya kumwendea mtu. Hata kesi ya kweli haiharibiki kwa kungoja hadi asubuhi. Neno la jioni ndilo ambalo pengine utalijutia miaka kumi.

Hatua ya 2: Ipe hisia jina lake

Watu wengi, hasa wanaume, wamelelewa kuonyesha hisia moja tu, nayo ni hasira. Aliyefedheheshwa anafoka. Anayeogopa anafoka. Anayemwomboleza mamake anafoka kwa watoto. Ukiishughulikia hasira peke yake, kilicho chini yake kitabaki kilivyo.

Jiulize: hii ni hasira, au ni hofu? Ni aibu? Ni wivu? Ni majuto kwamba mimi mwenyewe sikuziba uzio? Mara nyingi utakuta hisia mbili au tatu kwa pamoja. Katika kisa chetu hasira ipo, lakini chini yake pana hofu: ndengu zile zilikuwa karo ya Januari. Pana pia kidonda cha kudharauliwa, kwa sababu ulishamwambia jirani mara ya kwanza. Andika majina hayo kwenye karatasi au uyaseme kwa sauti ukiwa peke yako. Sema "naogopa", usiseme "mambo ni mabaya", kwa sababu la kwanza ni ushahidi wako mwenyewe na la pili tayari ni hukumu kuhusu dunia nzima.

Hatua ya 3: Uliza maswali matatu

Aristotle alifundisha kwamba kila hisia ichunguzwe kwa pande tatu: mtu alikuwa katika hali gani ilipomjia, imeelekezwa kwa nani, na kwa sababu zipi. Miaka zaidi ya elfu mbili imepita, na sijui dodoso fupi lililo bora kuliko hilo.

Nilikuwa katika hali gani? Aristotle mwenyewe aliona kwamba mgonjwa, maskini, mwenye kiu na aliyevunjika moyo hukasirika upesi. Labda huko sokoni bei ilikuwa mbaya, au chama kimekunyima mkopo. Hali hiyo haifuti kosa la jirani, ila inakuonyesha sehemu ya moto ambayo haikuwashwa naye.

Nimemkasirikia nani? Mbuzi hana lawama. Mchungaji ni mtoto wa miaka tisa. Mwenye mbuzi ni mzee ambaye pengine hana habari. Hasira isiyochunguzwa humwangukia aliye karibu na aliye mdogo, na ndiyo maana watoto wengi hubeba adhabu za makosa ya watu wazima.

Kwa sababu gani? Hapa tenganisha hasara na dharau. Hasara ni magorogoro ya ndengu ambayo hutayavuna, na inahesabika. Dharau ni tafsiri yako kwamba jirani aliona wewe si mtu wa kujaliwa. Tafsiri hiyo huenda ikawa sahihi, lakini bado hujaithibitisha.

Kisha ongeza swali la nne, ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: ni nini hicho ninachokithamini ambacho kimeguswa? Karo ya mtoto. Jasho la miezi miwili. Heshima kati yangu na mtu niliyezika naye na kuozesha naye watoto. Ukishakijua unachokilinda, utajua pia ni tendo gani linakilinda na lipi linakibomoa.

Hatua ya 4: Linganisha ushahidi

Sasa pima mambo mawili: ukweli na uzito. Ukweli: nimeona nini kwa macho, na nimeongeza nini kwa kukisia? Uzito: ukali ninaousikia unalingana na kilichotokea? Kupoteza robo ya ndengu ni jambo la kuumiza, na usikubali mtu akuambie si kitu. Lakini halina uzito wa kumvunja mtoto mkono.

Njia nyepesi ya kupima ukweli ni kumuuliza mhusika kabla ya kumshtaki. Unaweza kumwambia jirani hivi: "Mzee, jana mbuzi waliingia kwangu tena. Ndengu zile ndizo nilizoziwekea karo, na nimeumia. Naomba twende shambani tuone pamoja, halafu tukae tukubaliane." Maneno haya hayaifichi hisia, wala hayamtukani mtu. Yanataja kilichotokea, yanataja kilichoguswa, na yanampa mzee nafasi ya kusema asichokijua mlalamikaji: kwamba uzio ulivunjwa na ng'ombe wa mtu mwingine, au kwamba mtoto alipelekwa hospitali siku hiyo. Au atajibu kwa kiburi, na hapo tafsiri yako ya dharau itakuwa imepata ushahidi.

Hatua ya 5: Chagua tendo

Huchagui utakachohisi, lakini tendo ni lako. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba nguvu ya hasira imewekwa ndani ya mwanadamu ili ajilinde, na kwamba mtu asiyekasirika kabisa mbele ya uovu ana kasoro sawa na yule aliyepindukia. Kinachotafutwa ni kiasi, na kiasi hupimwa kwa lengo.

Nussbaum, katika kitabu cha mwaka 2016 kuhusu hasira na msamaha, anatoa kipimo kinachosaidia: tendo hili linarekebisha kitu kwa ajili ya siku zijazo, au linanipa tu raha ya kumwona mwingine akiumia? Kumchapa mchungaji hakurudishi ndengu hata punje moja. Kukata mguu wa mbuzi kunaongeza hasara ya pili juu ya ya kwanza, na kesi ya pili mbele ya chifu. Kinachorekebisha ni fidia ya magorogoro kadhaa wakati wa mavuno, uzio wa miiba utakaojengwa na nyumba zote mbili, na wazee wawili wa kushuhudia makubaliano. Hasira imefanya kazi yake: imekuonyesha kwamba haki imevunjwa na imekupa nguvu ya kuidai.

Mbinu hii hii inafaa kwa hasira ya watu wengi. Wakulima wa maembe wanaolipwa bei duni wana sababu ya kukasirika. Kumtukana dalali hakupandishi bei. Kuuza kwa pamoja kupitia ushirika, kujua bei ya masoko mengine kabla lori halijafika, na kumwita mwakilishi wa wadi kwenye baraza ajibu maswali, hayo ni matendo ya hasira iliyohojiwa vizuri.

Huzuni haihojiwi kwa njia hiyo

Usimwendee mfiwa na dodoso. Dai la huzuni ni kwamba niliyempenda ameondoka, na dai hilo ni kweli. Hakuna cha kusahihisha. Kazi iliyobaki ni kuisikiliza huzuni na kuipa mahali.

Hapa watu wa Ukambani wana mwalimu wao. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akafariki mwaka 2019, na kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kinasomwa dunia nzima. Katika kitabu hicho alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza wakati. Aliyekufa, alisema, hahami mara moja kwenda zamani: anaendelea kuwa ndani ya sasa maadamu wako hai watu waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Mbiti alifundisha pia kwamba katika fikra za Kiafrika mtu ni mtu kwa sababu ya jamii yake. Basi mfiwa hapotezi tu mtu mmoja, anapoteza sehemu ya nafsi yake iliyokuwa imeshikwa na yule mtu.

Mafundisho hayo yanatupa mambo ya kutenda. Litaje jina la marehemu. Usilikwepe kwa kudhani unamwonea huruma mjane. Mwambie mtoto aliyepewa jina la nyanya yake nyanya huyo alikuwa mtu wa namna gani. Usimwambie mfiwa "usilie" wala "Mungu amempenda zaidi". Kaa naye, teka maji, pika. Watu hujaa wakati wa matanga, kisha baada ya mazishi nyumba inabaki kimya. Jiwekee zamu ya kwenda wiki ya tatu, mwezi wa tatu, na siku ya kumbukumbu ya mwaka. Na wewe mwanaume uliyefiwa, tafuta mtu mmoja ambaye mbele yake unaweza kulia. Machozi hayapunguzi heshima ya aliyempenda mtu kiasi hicho.

Hofu igawe mara mbili

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, sehemu nyingi za mashariki na kaskazini mwa Kenya zilipata misimu mitano ya mvua haba mfululizo. Anayeogopa ukame hajakosea. Tatizo la hofu ni kwamba hushika kila kitu kwa pamoja, hata usiku wa manane ambapo hakuna kinachoweza kufanyika.

Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akawa mwalimu wa falsafa, alifundisha kugawa mambo mara mbili: yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Upande mmoja andika usiyoyaamuru: siku ya mvua, bei ya mbolea, afya ya mzazi mzee. Upande wa pili andika yaliyo mikononi mwako: kukarabati matuta ya fanya juu kabla ya Oktoba, kupanda kunde, mbaazi na ndengu zinazostahimili kiangazi pamoja na mahindi, kuuza mbuzi wawili wangali wanono badala ya kungoja wakonde, kujiunga na kikundi cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, kinachojenga bwawa la mchanga mtoni. Kila hofu ya upande wa kwanza itafutie kazi moja katika upande wa pili. Ukikosa kazi yoyote ya kuipa, iombee ikiwa wewe ni mtu wa sala, kisha uilaze. Ukame wenyewe hauogopeshwi na hofu yetu, lakini tuta lililochimbwa linashika maji hata ya mvua kidogo.

Aibu na wivu

Aibu iulize swali moja: nimeonekana pungufu machoni pa nani? Kama ni mtu ambaye hukumu yake unaiheshimu, na umekosa kweli, basi kiri na urekebishe, aibu imekusaidia. Kama ni watu wanaokucheka kwa kuwa huna gari au kwa kuwa mwanao amerudi kijijini bila kazi, shahidi huyo amekosea nyumba. Umaskini na bahati mbaya si makosa ya kuombewa msamaha.

Wivu nao una pande mbili, na Aristotle alizitenga. Kuna mtu anayeona mwembe wa jirani umezaa akatamani na wake uzae, na kuna anayetamani wa jirani ukauke. Wa kwanza amejua anachokitaka, na aende akamuulize jirani alivyopogoa na kupulizia dawa. Wa pili ajihoji kabla tamaa hiyo haijawa uchawi wa maneno: hata wa jirani ukikauka, yeye atapata embe gani?

Tahadhari kwa aliyeonewa

Mbinu hizi si za kumfundisha anayeumizwa avumilie zaidi. Mke anayepigwa na kuogopa kurudi nyumbani hana hofu ya kurekebishwa; hofu yake inasema kweli, na anachohitaji ni usalama. Msichana anayeona vibaya kila ndugu fulani anapomkaribia asiambiwe amheshimu mkubwa wake. Hapo shahidi ameshasema ya kutosha. Mtu huyo aondolewe hatarini kwanza, aende kwa jamaa anayemwamini, kwa dawati la jinsia la kituo cha polisi au hospitalini. Kutulia na kutafakari ni haki yake baadaye, akiwa salama. Mwenye kusuluhisha asitumie neno subira kufunika damu.

Chagua wa kukusikiliza

Mtu mmoja hawezi kuwa shahidi, mhoji na mzee wa baraza kila siku peke yake. Zamani jioni kwenye thome, pale wanaume walipoota moto nje ya boma, vijana walisikia wakubwa wakijadili makosa, majuto na vifo. Thome nyingi zimetoweka, lakini haja ya kusikilizwa haijatoweka.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, aliwatafuta wenye hekima vijijini Kenya na kuwahoji. Aliwagawa makundi mawili: wanaojua vizuri mila na kuirudia, na wanaoweza pia kuihoji. Wewe tafuta wa kundi la pili. Anayekubaliana na kila hasira yako anakuongezea kuni. Anayekupa methali kabla hujamaliza kusema hajakusikia. Mfaao ni yule anayenyamaza hadi umalize, anayeuliza "halafu ikawaje?", na asiyeyapeleka maneno yako sokoni.

Ukiwa wewe ndiye msikilizaji, shika mambo matatu: usikatize, usilinganishe na masaibu yako, na kabla ya kushauri rudia kwa ufupi ulichokisikia na uulize kama umeelewa.

Kusikilizana hivi kumepimwa. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na watu wenye mawazo mazito na kuwasaidia kuyatatua moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliopata huduma hiyo walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Na hapa Makueni, kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 987,653, shirika la utafiti wa afya ya akili linaloongozwa na Profesa David Ndetei liliwafunza wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa maombi kutambua dalili za sonona na kuwaelekeza watu hospitalini. Watu walipelekewa msaada kupitia wale waliokuwa wakiwaendea tangu awali.

Pale inapokuwa ugonjwa

Kuna wakati hisia haitokani tena na dai lolote. Ukiona kwa muda wa wiki mbili mfululizo mtu hana raha na chochote, halali au analala kutwa, hali, anajiona hana thamani, au anazungumza kuhusu kufa, hilo si suala la falsafa wala la kukosa imani. Ni ugonjwa na una tiba. Mpeleke hospitali, iwe ile ya Matiliku au nyingine iliyo karibu, na uende naye mwenyewe. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, nayo hupokea simu za wenye dhiki. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali kunampa ruhusa ya kusema. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba. Asifichwe kwa kuogopa polisi.

Anza na dakika kumi usiku

Seneca alikuwa na desturi ya kuipitia siku yake kila usiku taa zikishazimwa. Iige. Chagua hisia moja ya siku hiyo, tena ndogo: kuudhika na mhudumu wa bodaboda, wivu wa dakika moja kanisani, uchungu wa neno la mke au mume. Ipe jina. Ulikuwa katika hali gani? Iliwaelekea akina nani? Kwa sababu zipi? Iligusa kitu gani unachokithamini? Kesho utafanya nini? Ukizoea kuyauliza maswali hayo juu ya mambo madogo, yatakuja yenyewe siku ya jambo kubwa, wakati ambapo hakuna nafasi ya kutafuta karatasi.

Kisha wapelekee watoto mbinu hii. Mtoto anapotupa daftari chini na kulia kwa sababu ameshindwa mtihani, tunazoea kumwambia anyamaze. Muulize kwanza: "Ni nini ulichokitaka sana?" Atajibu kwa tabu mara ya kwanza, na vizuri zaidi mara ya tano. Mtoto anayejua kujibu swali hilo akikua hatahitaji ngumi ili aeleweke, wala pombe ili asahau, na huo ni urithi ambao mzazi wa Matiliku anaweza kumwachia mwanawe hata mwaka ambao mvua imekataa kunyesha.